Ampuli Tatu za Placide

“Toka Swima mpaka Lweba, mashine yenye nguvu iko moja tu: ya Placide. Zingine ni masanduku ya chumvi.”

Maneno hayo Placide mwenyewe aliyasema kwenye mikrofoni, Lweba, mwaka 2016, katika harusi ya shemeji yake, na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Bibi harusi alikuwa ameshika kisu cha keki, anangoja. Placide alikuwa mpiga video wetu wa Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika: harusi, matanga, kwaya, na siku moja hata ng’ombe wa mzee Sebatware, waliotulia mbele ya kamera kuliko wanakwaya.

Mwaka uliofuata vita ilirudi. Milio ilianza upande wa milima, ikashuka, na mtaa ukajimwaga ziwani. Constance, mke wake, alivuka na watoto wawili hadi kambini Nyarugusu, Tanzania. Placide alibaki. Wiki mbili tu, alisema, amalize filamu moja kisha awafuate.

Filamu yenyewe ilikuwa ya ile harusi ya Lweba. Mama yake Constance alifariki miezi michache baadaye, na hakuwa na picha nyingine duniani. Constance aliomba jambo moja: watoto wasisahau uso wa bibi yao. Sasa, mama mkwe huyo alikuwa na heshima za zamani. Mkwe ndiye aliyeshika kamera, basi kila kamera ilipomgeukia alijifunika kitenge au aligeuza mgongo. Katika saa tatu za harusi, uso wake ulionekana sekunde kumi na moja, pale alipodhani kamera iko kwa mtu mwingine.

Tulimwambia akate hizo sekunde, azitie kwenye simu, aende. Alikataa. Alitaka Constance amwone mama yake katikati ya watu wake, kwa sababu watu wale wa Lweba nao walikuwa wametawanyika, na harusi ile ndiyo mahali pekee walipobaki pamoja.

Lakini kuitoa filamu nzima, yaani kompyuta iunganishe picha zote ziwe faili moja, kulihitaji mashine yake iwake saa kumi na tisa bila kuzimika. Umeme wetu ulikuwa jenereta ya mama Godelieve, saa nne kwa siku. Zamani aliiwasha jioni. Tangu vita, taa za usiku zilikuwa zinaita wageni wenye bunduki, akahamishia mchana. Saa nne hazikutosha, ndiyo maana Placide alikuwa ameagiza Bujumbura kadi ya grafiki, ile inayobeba kazi ya picha ndani ya kompyuta. Kwa kadi hiyo, saa tatu zingetosha.

Sanduku la kadi liliandikwa wazi kwamba mashine iwe na alimentasyo ya wati 450. Alimentasyo ni lile boksi la chuma ndani ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa. La Placide lilikuwa la wati 250, na lilikuwa limezeeka. Kadi peke yake ilikula 150. Placide alisoma, akaelewa kwa namna yetu. Mama Godelieve huuza umeme kwa ampuli: unalipia taa ngapi, basi. Ampuli moja ya zamani ni wati sitini. Placide akagawanya zile 150 kwa sitini, akaenda kwa mama Godelieve kuongeza ampuli tatu, akarudi anatembea kama mtu aliyenunua bwawa la umeme la Ruzizi.

Hapo ndipo alipokosea. Ampuli tatu ziliongeza umeme ukutani. Boksi la chuma lilibaki na koo lile lile. Kadi ilidai waya wa pini sita ambao boksi halikuwa nao, akaunganisha kwa adapta. Adapta inaongeza midomo, haiongezi bugali.

Siku ya kwanza mashine ilifika asilimia ishirini na mbili, ikazimika, na kazi yote ikarudi sifuri. Alienda kumgombeza mama Godelieve.

“Mama, unaniuzia ampuli ya uongo.”

“Angalia kule kwa jirani, taa inawaka. Njaa iko ndani ya sanduku yako, mwanangu, haiko kwangu.”

Alirudi kupunguza walaji. Alichomoa diski ya pili, kisomaji cha CD, feni ya pembeni. Siku zilizofuata ilikuwa arobaini, hamsini na tano, inazimika. Kila ikizimika, nyumba ilinyamaza vibaya. Karibu mtaa mzima milango ilikuwa na kufuli, tulibaki wachache. Asubuhi, akiibia umeme kidogo kwenye betri ya laptop yake ya zamani, isiyoweza kazi ya filamu, aliacha harusi icheze akiwa anapika, ili nyumba iwe na watu. Tulimsikia akiwajibu. Shangazi mmoja ndani ya video aliuliza chumvi iko wapi, na Placide akamwambia.

Wiki mbili zikawa saba. Siku ya mwisho ya majaribio alikaa mbele ya mashine bila kuigusa. Ilifika tisini na moja. Ikazimika.

Constance alipiga siku iliyofuata, mtandao ukikatikakatika.

“Filamu imeisha?”

“Imebakia asilimia tisa.”

“Placide. Batoto banauliza sura yako sasa, si ya bibi yao.”

Jenereta ilipowaka aliichomoa kadi, akairudisha ndani ya plastiki yake. Mashine ikawaka polepole, kama zamani. Alikata sekunde kumi na moja. Kuzitoa kulichukua dakika nne. Mama mkwe aliinua uso, akawa kama anamtazama Placide moja kwa moja, akacheka na mtu asiyeonekana. Placide alizitia kwenye simu, hakuziangalia mara ya pili.

Asubuhi ya Alhamisi alishuka bandarini na kompyuta ndani ya gunia. Roger, mwenye mtumbwi wa injini, aliligonga gunia kwa mguu na kusema kitu cha namna hii kinakalia nafasi, kinalipa kama muntu. Placide alikuwa na nauli ya mmoja. Alipanda tena mpaka kwa mama Godelieve, akaliacha gunia chini ya meza yake, akateremka mikono mitupu, simu mfukoni.

Nafasi moja, Baraka hadi Kigoma, upande wa Tanzania, ilikuwa dola ishirini. Alizilipa, akapanda.