Mlolongo wa Bombani

Harufu ya wanga uliopashwa moto na pasi ya makaa ndiyo harufu ya mama yangu. Alifua na kupiga pasi nguo za watu wa mtaa wa Donholm, na kwa jasho hilo tulikula tangu baba aachishwe kazi kiwandani Industrial Area. Bila maji hatukuwa na ugali. Na maji yote ya upande wetu yalitoka bomba moja lenye kufuli, ufunguo ukikaa mfukoni mwa mwenyekiti wa mtaa, mtu aliyewafungulia jamaa zake kwanza, sisi wengine akipenda. Wallahi nilimchukia mtu yule.

Jirani yetu Mzee Salim, fundi cherehani, alikuwa mtunzi wa mashairi, na mama alipenda kumjibu. Mzee aliamini kwamba manahodha wakiwa wengi, chombo huenda mrama. Mtawala awe mmoja, aheshimiwe. Jioni moja alighani kutoka kibarazani: “Nyuki wana malkia, ndipo asali hupata.” Mama, pasi mkononi, akamrudishia: “Nyuki wakikasirika, mzinga huukimbia.” Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama akaongeza kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na kwamba uchaguzi wa mwenye kushika ufunguo wa bomba ukifika, yeye atasimama kugombea. Baba alimsihi aache, maana akishindwa hatutaona hata tone. Mama alisema tone lenyewe tayari tunaliomba.

Miaka hiyo ya themanini kura ilipigwa kwa kupanga mstari nyuma ya umtakaye, kila mtu akikuona. Nyuma ya mwenyekiti walijipanga jamaa zake, wapangaji wake, na Mzee Salim, aliyekuwa mtu wa msimamo wake. Nyuma ya mama mstari ulipita vioski ukakata kona. Karani akatazama huku na huku, akatangaza kuwa mwenyekiti ameshinda. Watu waliguna tu. Ndipo Mzee Salim akatoka kwenye mstari wake.

“Mwenyekiti, mimi ni wako,” alisema taratibu. “Sisi wako, geuka tu utatuona wote. Wa Mama Njeri, mwisho wao hauonekani. Nilisifu malkia mwenye nyuki, sikusifu mwizi wa asali.”

Mwenyekiti aliondoka na ufunguo wake. Lakini kulipopambazuka, mama alitua debe lake bombani, na nyuma yake, kama ilivyo desturi yetu ya kushika nafasi, watu wakapanga madebe yao vilevile walivyosimama jana, hadi kule konani. La mwisho kabisa lilikuwa la Mzee Salim. Mwenyekiti alifungua, lakini hakuna aliyeteka kwa ruhusa yake. Jua lilipanda, watoto wakalia kiu, mama hakusogea. Adhuhuri mwenyekiti alimwekea ufunguo miguuni akaenda zake. Mama aliutundika kwenye msumari pale pale bombani, kila mtu auone.

Siku hizi kila nyumba ina bomba lake, na kura napiga nyuma ya pazia. Ni heri, baba hangekuwa na hofu. Lakini pazia halihesabu kura, kwa hiyo sirudi nyumbani mpaka karatasi ya mwisho isomwe nikisikia. Vijana wa mtaa hunionea huruma: “Mathe, si uende ukalale, watahesabu tu.” Nawaambia siendi popote, debe langu liko kwenye mstari.