Kesi Aliyoishinda Mama Kabedi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mtafiti mkuu alinikabidhi dodoso, yaani karatasi za maswali. "Usimsaidie mtu kujibu," akasema. Tulimwita Daktari kwa shahada yake ya sheria, si kwa dawa. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Tulichunguza jinsi sheria inavyowalinda watu wachache pale mwanasiasa anapojitafutia umaarufu kwa kuwachongea kwa umma.

Hapa Nchelenge, ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo, wachache hao walikuwa wachuuzi wa samaki wenye asili ya Kongo. Mama Kabedi alikuwa wa kwanza tuliyemhoji.

"Mi nilizaliwa hapa hapa," alisema. "Mama yangu banamuzika hapa. Sasa banasema mi mugeni. Mugeni wa nani?"

Mwanasiasa mmoja alikuwa akizunguka kutoka Puta hadi Mwansabombwe akihubiri kwamba samaki ni wa wenye nchi. Wavuvi walimshangilia, hata kaka yangu. Haukupita muda, Mama Kabedi akapewa amri ya serikali ya kuondoka nchini.

Daktari alimshauri aende mahakamani, nami nikamtafsiria. Hakimu alisoma cheti chake cha ubatizo, akamsikiliza mkunga aliyemzalisha mama yake, kisha akaamua: ana haki ya kukaa.

"Huu ndio utawala wa sheria," Daktari aliniambia tukitoka. "Hata mkubwa hutii hukumu."

Siku tatu baadaye umati ulimtoa Mama Kabedi sokoni, ukampeleka ziwani. Nilimkimbilia askari aliyekuwa amesimama pale, nikampa nakala ya hukumu. Aliisoma mpaka mwisho.

"Mulamu, shemeji yangu, unasema kweli," akasema, akanirudishia. "Lakini watu wote hawa nitawafanya nini?"

Mama Kabedi alikuwa ameshakalishwa mtumbwini. "Weye njo uliniambia hakimu atanichunga," aliniambia. Hakulia. Kaka yangu alikuwa miongoni mwa waliousukuma mtumbwi huo kuelekea Kongo.

Katika ripoti, Daktari aliitaja kesi ya Mama Kabedi kama mfano wa mahakama iliyo huru. Nilimwomba aongeze yaliyotokea ziwani. "Sura inaishia kwenye hukumu," alijibu.

Niliwatumikia watafiti wengine, Chisenga na kwingineko, hadi nikastaafu. Wanafunzi wakija kuniuliza utafiti wetu ulibadilisha nini, nawaambia sijui hata kitu kimoja. Mama Kabedi hakurudi. Kaka yangu alizeeka vizuri, akipendwa na watu. Tulikula sahani moja kila Jumapili mpaka alipofariki, na jambo lile hatukulizungumza hata mara moja.