Iko Pader

Kwa miaka minne Abwola hakuwadanganya wakaguzi kwa neno hata moja, na ndiyo maana walichelewa kumkamata.

Alikaa katika kambi moja ya polisi hapa Kampala, upande wa kwenda Ntinda, kwenye kibanda cha bati alichopewa mumewe, Koplo Fabiano Odyek. Kama hujawahi kushinda ndani ya bati mchana wa Februari, usimwonee mtu wivu kwa nyumba ya serikali. Odyek alihamishwa Pader, kwao kaskazini, akaiacha familia ili binti yao Aloyo asikatizwe masomo, na huko homa ikamwondoa ndani ya wiki moja. Ofisi ya mishahara ilijua. Ofisi ya nyumba haikujua, maana ofisi hizo hata salamu hazipeani. Kwa sheria, mjane alipaswa kutoka baada ya miezi sita.

Kila mwaka wakaguzi walipita mlango kwa mlango wakiwatafuta wanaokaa kwa hila: waliostaafu wakagoma kutoka, waliopangisha raia vibanda vyao. Waliuliza kwa Kiswahili chetu cha kambini, kisichojisumbua na ngeli.

"Mama, afande iko?"

"Iko Pader," Abwola alijibu.

Wakaandika kwamba amehamishwa, wakaenda zao.

Hakuridhika na hilo. Kila Jumatatu alifua shati la kazi la Odyek na kulianika mbele ya mlango, wapita njia waone kwamba hapa pana askari. Mwanzoni lilikuwa la kuwazuga wakaguzi. Baadaye hata miezi isiyo na wakaguzi alilifua, akalipiga pasi, akalitundika ukutani. Nani amcheke? Mikono yake ilikuwa imeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa.

Mwaka huu aliomba Mungu kitu kimoja tu, nyumba imbakie hadi Novemba, Aloyo amalize mtihani wake wa sinia ya nne, yaani kidato cha nne.

Agosti akaja konstebo Nabalayo, mwanamke kijana, orodha iko kwenye simu yake. Mwenyewe alikuwa akilala na mtoto wake mchanga katika kibanda cha familia nyingine, nyuma ya pazia. Hakuwa na haraka ya kuandika.

"Mama, afande iko?"

"Iko Pader."

Nabalayo akatazama kamba. Shati lilikuwa bado linachuruzika maji.

"Afande iko Pader, na shati yake inafuliwa hapa?"

Masikini Abwola. Mambo hayo mawili aliyatunza miaka yote hiyo bila kuyaweka pamoja hata mara moja. Angesema mume amekuja likizo, basi yangeisha.

"Iko Pader wapi, mama? Kituo gani, nipige simu?"

"Nyuma ya nyumba ya mama yake," Abwola akasema. "Tulimjengea na saruji."

Nabalayo akaishusha simu, akasema, "Pole sana, mama."

"Mwanangu, binti yangu ana mtihani. Novemba nitatoka mwenyewe."

"Mama, mimi nalala nyuma ya pazia. Wenzangu kumi na moja wako hivyo hivyo."

Hakulisema kwa ukali. Lakini aliandika. Nimejaribu kumchukia yule konstebo, nimeshindwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Abwola akapewa wiki mbili. Dada yake anayeuza samaki Ggaba alimpa kona ya chumba, na Aloyo akaanza kuamka saa kumi za alfajiri kuifuata shule.

Siku ya kutoka Abwola aliambiwa arudishe sare ya serikali. Mzee wa stoo, Kidega, alifungua daftari bila kuinua macho.

"Mwenye sare iko wapi?"

Abwola akafungua mdomo aseme jibu lake la siku zote. Halikuja.

"Alikufa," akasema. Neno hilo hakuwahi kulitamka ndani ya kambi ile, na lilipomtoka alilia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba asubuhi hiyo.

Kidega akaiweka kalamu chini, akalipokea shati kwa mikono miwili. Lilikuwa bado na joto la pasi.