Uji Mzito wa Siku ya Wageni

Mama Mwiko hakuajiriwa na mtu. Alikwenda shuleni siku moja kumchukua mjukuu wake aliyeshikwa na homa, akamkuta mwalimu wa darasa la kwanza anakoroga uji huku ameshika kitabu kwa mkono wa pili, na uji wenyewe una madonge ya kumkaba ng'ombe. Akamnyang'anya mwiko. Tangu hapo hakuurudisha, na jina lake la zamani likasahauliwa hata na waliokuwa wakilijua.

Alikuwa mjane, mfua nguo za watu, mwenye ulimi mkali na mkono mpole. Watoto waliokunywa wakarudi kwenye foleni kama hawajanywa aliwajua kwa sura. Aliwafokea mpaka wakatamani ardhi ipasuke, halafu akawajazia vikombe. Ukimwuliza kwa nini anajitesa bure, alikujibu bila kuacha kukoroga, "Mimi niliacha shule darasa la pili. Sikuwa mjinga. Nilikuwa na njaa."

Shule ilikuwa hoi. Watoto walikalia matofali, na darasa la tatu na la nne yalisoma chumba kimoja yakipeana mgongo, kila mwalimu akijitahidi kumzidi mwenzake sauti. Tusidanganyane: kilichowaleta wengi ni kile kikombe cha saa nne. Unga ulitoka kwa wazazi, kila mmoja kwa alichonacho, na mwaka ule wa ukame wazazi wenyewe walikuwa taabani. Ghalani palibaki gunia moja, nalo limeshalegea. Ndipo ikaja habari kwamba kuna shirika linatafuta shule yenye shida ya kweli, liipe unga wa mwaka mzima, na wageni wangekuja kujionea.

Mwalimu mkuu, mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa, aliwaita wazazi. "Mimi naona tusibadilishe kitu," alisema. "Watukute tulivyo."

Mama Mwiko akasimama. "Mwalimu! Yaani mgeni aje kwangu nimkaribishe kwenye vumbi? Nimwonyeshe matako ya mtoto wangu yanachungulia kwenye kaptula? Sina mbele wala nyuma, sawa, lakini aibu ninayo."

Akina mama wakampigia makofi. Mwalimu mkuu akashusha pumzi, akakubali. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa siku ile yalionekana yametengenea.

Walihangaika kweli. Madawati yaliazimwa kwenye shule ya kulipia iliyo kando ya barabara, yakaletwa kwa mkokoteni. Sare ziliazimwa kwa binamu na kwa majirani, na asiyepata kiatu aliambiwa akae nyuma, miguu aifiche. Sakafu ikasiribwa. Mama Mwiko naye akakung'uta gunia mpaka pembe zake, akapika uji mzito wenye maziwa na sukari walizochangishana. Watoto walikunywa kimya, macho yamewatoka, kama wanaogopa kuamshwa.

Kiongozi wa wageni, mama wa makamo mwenye miwani, alimaliza kikombe chake, akaomba nusu nyingine. Mama Mwiko alijiona amekwenda mbinguni kwa miguu.

"Kumbe hapa mnajiweza," mgeni alisema akitabasamu.

"Tunajitahidi, mama. Hatujambo kabisa," Mama Mwiko akajibu, maana ndivyo mtu anavyomjibu mgeni.

Jibu lilikuja kwa simu. Mwalimu mkuu alimfuata jikoni, ambako jiko lilikuwa baridi na sufuria imefunikwa kifudifudi.

"Wametusifu sana," alianza, akimung'unya maneno. "Ila wamesema iko shule ng'ambo ya mto yenye hali mbaya zaidi. Unga wameupeleka kule."

"Si uwapigie! Waambie madawati hayakuwa yetu!"

"Nimewaambia, mama. Unga umeshagawanywa wote. Labda mwakani."

Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu, angalau Mama Mwiko angepata wa kugombana naye. Alikaa palepale chini, akalia kwa sauti, na mwalimu mkuu hakujua aondoke au abaki.

Watoto wakaanza kupungua, wadogo kwanza. Mama Mwiko aliona hatalala usingizi, akajikaza, akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wazazi. Kwenye machimbo ya mawe alimkuta mama mmoja kijana anagonga kokoto, na kando yake binti yake wa darasa la pili, ameshika nyundo ndogo.

"Shikamoo, bibi," mtoto akasalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akamgeukia mama. "Mrudishe shule, mwanangu. Hata kama hakuna uji."

"Ataanguka njiani, mama. Kule anashinda na njaa peke yake. Hapa nikipata chochote mchana, nagawana naye." Yule mama akaweka nyundo chini, akajifuta vumbi usoni. "Halafu mimi sijakushukuru. Siku ile ya wageni alirudi ameshiba, akalala bila kuniuliza chakula. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nilimtazama mwanangu akilala, nisione haya. Mungu akubariki sana."

Mama Mwiko akamnyang'anya mtoto ile nyundo ndogo, akakaa chini, akaanza kugonga kokoto yeye.