Blanketi la Injini

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila nisikiapo injini ikikohoa alfajiri. Nilikuwa kijana, fundi wa magari katika gereji moja ya Zone Industrielle, mtaa wa viwanda hapa Bujumbura, miaka ile ya vita. Nilikuwa na mikono mizuri, na nilijua kwamba ninayo. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mama Consolata alikuwa mkunga, mjane, akikaa Kinindo. Alikuwa na kigari cheupe kikuukuu, na kwa majirani zake kile ndicho kilichokuwa ambulansi. Usiku hapakuwa na wa kutoka. Ukikutwa barabarani, usilaumu mtu. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, walingoja barabara zifunguliwe alfajiri, ndipo Mama Consolata awashe gari wamkimbize hospitali.

Alikuja gereji saa sita mchana.

"Asubuhi inatetemeka, kiisha inazimika," akaniambia. "Ikipata moto, inatulia."

Nikaliwasha gari. Likaitika vizuri, bila kutetemeka hata kidogo. Nikamwambia ni mafuta ya embargo. Usinicheke. Nchi ilikuwa imewekewa vikwazo, petroli ilikuja kwa magendo ndani ya madumu, na sisi tukawa tumepata jibu la kila kitu. Mkate ukipungua, embargo. Mume akichelewa kurudi nyumbani, embargo. Nikasafisha kabureta, nikampa ufunguo wake.

Akarudi tena, saa ileile ya mchana, na maneno yaleyale. Nikaona huyu mama ana woga tu, kama sisi sote, maana gari mbele yangu lilikuwa zima. Ili nimtulize, nikakaza skrubu ya ralanti, yaani ule mzunguko wa injini wakati gari limesimama, ikawa inakwenda kwa nguvu zaidi. Nikajiona nimemaliza kazi.

Safari iliyofuata hakushuka garini. Aliketi ameshika usukani.

"Jana pale bariyeri askari amenielekezea bunduki," akasema. "Injini ilikuwa inalia sana. Akafikiri nataka kupita kwa nguvu."

Kwenye bariyeri, kile kizuizi cha askari barabarani, mwanangu, gari lilitakiwa kusimama, injini ikizunguka polepole, mpaka askari aridhike. Ikizimika, wanakushuku. Ikinguruma, wanakushuku zaidi. Na Espérance, jirani wa Mama Consolata, alikuwa karibu kujifungua, tena tumbo la mapacha.

"Mi nilikuambia asubuhi," akaendelea. Hakupaza sauti. "We unaiangalia mu saa sita, unaniambia apana, iko muzima. Kuya ulale kwangu, uisikie ikiwa na baridi."

Niliogopa, sikufichi. Kwangu kulikuwa Gasenyi, upande mwingine kabisa wa mji, na miaka ile kila mtu aliijua mitaa anayoweza kulala na mitaa asiyothubutu. Lakini bunduki ile ilimwelekea kwa sababu ya skrubu yangu. Nikaenda.

Jioni, kabla hatujafunga mlango, alifungua boneti, akatoa kwenye buti blanketi nene linalonuka petroli. Nikamuuliza ni la nini.

"Ninaifunikaka kila usiku, isipate baridi sana. Mi nalala na kitenge." Akalikung'uta, akanitupia. "Leo injini ilale na baridi. Ujifunike weye."

Sikupata usingizi, na haikuwa kwa kuuogopa ule mtaa. Niliona aibu. Mwanamke mtu mzima alikuwa akiivua baridi mwilini mwa chuma na kuivaa yeye, kwa kuwa fundi wake hakumwamini.

Alfajiri nikainama juu ya injini, yeye akawasha. Gari likatetemeka mpaka vioo vikalia. Ndipo nikasikia, nyuma ya kabureta, sauti nyembamba ya hewa inayofyonzwa. Kijibomba cha mpira kilikuwa na ufa. Kikiwa baridi, ufa unaachama na injini inavuta hewa isiyotakiwa. Kikipata moto, mpira unalainika, ufa unafumba, na fundi wa saa sita haoni kitu. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakizungushia pale na kukaza kwa waya, kisha nikairudisha skrubu ilipokuwa mwanzo. Injini ikatulia.

Espérance alishikwa na uchungu wiki ileile. Habari nilizipata kwa Mama Consolata mwenyewe, alipopita gereji.

"Askari alituangalia muda murefu," aliniambia. "Mi sikumusikiliza hata. Nilikuwa nasikiliza injini tu. Ikangoja. Ikangoja na yeye akatuambia tupite."

Mapacha walizaliwa hospitali, wazima, na mama yao mzima. Nikamuuliza kama bado kuna kitu cha kutengeneza.

"Apana. Ile blanketi nimeifua, nimepa wale watoto. Lakini bado inanuka petroli."

Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka, machozi yalikuwa karibu.

Basi nakuusia hivi, mwanangu. Mtu akikuambia kuna kitu kinamsumbua katika saa ambayo wewe hupo, usimwambie hakipo. Usimpe jibu ambalo mji mzima unalo mdomoni. Mkeo, mtoto wako, mwenzako wa kazi, wote hao wanakutana nawe mchana, wameshapata moto, wanaongea vizuri, nawe unasema wako salama. Nenda kawasikilize katika saa yao, hata kama iko kwenye mtaa unaouogopa.

Mungu akupe sikio la alfajiri. Na siku itakapokuwa zamu yako kutetemeka, akuletee mtu atakayekubali kuja kulala kwako. Amina.