Tarumbeta ya Alhamisi

Mutindi alirithi vitu viwili kwa marehemu mumewe: mbuzi mkorofi, ambaye alimchinja bila majuto, na tarumbeta ya kanisa. Pale Ekalakala hakuna aliyedhani mwanamke angeweza kuipuliza, lakini aliipuliza mpaka wanaume wakachoka kuguna. Aliipuliza Jumapili, aliipuliza arusini, na zaidi ya yote kwenye sherehe ya mavuno, watu wakaja wakicheza na debe kichwani. Ikilia siku ya kazi, kila mtu alijua maana yake: leteni sadaka.

Mchungaji Gikonyo, mtu wa Murang'a, hakupendezwa na ngoma hizo. Katika darasa la Biblia aliwaambia kwamba kwa manabii tarumbeta ilikuwa ya kutia hofu. Yoeli aliitaka ilie Sayuni ili watu watetemeke. Amosi alishangaa kuwa mji unaweza kuisikia usiogope. Na Ezekieli alisimulia habari za mlinzi: akiuona upanga unakuja akanyamaza, damu ya waliokufa iko juu yake, akipuliza wasisikie, shauri yao. Mutindi alilipenda hilo la mwisho. Lilimtetea mpulizaji, na ni nadra mpulizaji kutetewa.

Mwaka wa 2004 upanga ulikuja, na rangi yake ilikuwa kijani. Mahindi yalivunwa na unyevu wake, watu wakayaficha chini ya vitanda kwa kuogopa wezi, yakashika ukungu. Mutindi alikwenda Kivaa kumzika mtoto wa dada yake. Macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka manjano kabla hajafa, na daktari alisema ni mahindi hayo. Aliporudi, siku ya Alhamisi, hakupitia hata nyumbani. Alipanda moja kwa moja kanisani akapuliza kwa pumzi yake yote, na alikuwa anaogopa kwelikweli.

Watu wakaja. Wakaja na nguo za Jumapili, wakiimba, wakatua madebe yao ya mahindi mbele ya madhabahu.

"Mama, mbona ghafla hivi?" aliuliza Ndeti, jirani yake, akihema. "Hata kwaya haijajipanga."

"Sijawaita mlete kitu. Nimewaita muache kula. Hiyo mahindi ya ukungu inaua. Nimetoka kuzika mtoto."

Ndeti alicheka kwa adabu. "Ukungu tunaosha, Mama. Tukitwanga mahindi ya muthokoi, ganda inatoka na ukungu yake. Na tukiimwaga, watoto watakula nini?"

Hilo Ezekieli hakuligusia. Mutindi akapandwa na hasira, kisha akakumbuka desturi ya kanisa lao: kilichotua madhabahuni hakirudi nyumbani. Moyo ukamtulia. Kumbe sumu wameileta wenyewe.

"Haya basi, mmeshatoa," akasema. "Inabaki hapa."

Akachota mahindi katika debe la Kanini, mke wa Ndeti, ili awaonyeshe huo ukungu. Yalikuwa meupe, makavu, hayana doa. Akachota katika debe la pili. Hayohayo.

"Kanini, hii umetoa wapi?"

"Tulichagua, Mwaitu," alisema Kanini, akimwita mama kwa Kikamba. "Mungu hapewi mbaya." Alimshangaa mtu mzima kuuliza jambo kama hilo. "Ile mbaya tumeacha nyumbani ya kula."

Mchungaji akamsogelea Mutindi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ameshapuliza, mikono yake ni safi. Lilikuwa neno lilelile alilolipenda darasani, na sasa lilimchukiza. Aliiweka tarumbeta sakafuni, akainama, akalinyanyua debe la Kanini.

"Mama Mutindi, sadaka haitoki madhabahuni," alisema Mchungaji.

"Najua."

Akamtwika Kanini debe lake. "Enda upike hii. Ile ingine mwaga."

Kanini alimtazama mumewe, akamtazama Mchungaji.

"Nimewaacha watoto wakipakua, Mwaitu," alisema, na akatoka mbio.