Ketill na Mlima Wake Uliopoa

Mlima Flatafell ulilala nyuma ya zizi la Ketill kama ngao iliyotupwa kifudifudi, mpana na mpole. Kwa kuwa ulikuwa volkano, Ketill aliapa una moto wa kupasha nyumba nzima. Visima viwili alivyochimbisha kutafuta maji moto vilikwisha kutoa maji ya barafu. Sasa mtambo wa kuchimba ulikuwa kwenye cha tatu, na mkewe Hallbera, aliyekwenda kuoga kwenye bwawa la kijiji na kurudi nywele zimeganda, alikuwa amechoka hadi mifupani.

Ásgerður, fundi wa kuchimba, aliingia jikoni akivua glavu.

"Baridi tena. Nilikwambia, Ketill. Mlima huu ulimwaga uji wake wote wa moto, ukalala. Sufuria tupu. Ule wa ng'ambo kwa Úlfar ulibomokea ndani, makaa yakafunikwa chini. Ndiyo maana kwake kunafuka mvuke."

"Chimba chini zaidi," Ketill akasema.

"Chini zaidi utamkuta nani, babu yako?" Hallbera akauliza.

Úlfar alikuwa kaka yake Hallbera. Bomba moja kuvuka mto lingetosha. Lakini vuli moja, wilaya nzima ilipokuwa ikitenganisha kondoo walioshuka milimani, shemeji hawa wawili waligombea kondoo jike ambaye alama yake ya sikio, inayoonyesha mwenyewe ni nani, ilikuwa imechanika. Tangu hapo hawasemezani. Kondoo mwenyewe alishakuwa supu zamani.

Hallbera akavaa buti, akavuka daraja.

"Maji ninayo ya kumwaga," Úlfar akasema. "Aseme tu kwamba yule kondoo alikuwa wangu."

"Hasemi. Unamjua."

"Basi aoge mawe."

Hallbera akamtazama kaka yake, mtu mzima mwenye mvi, amebinua midomo kama mtoto aliyenyimwa sukari. Sikio lile alilikata Hallbera mwenyewe, msimu wa kuzaa, mwanakondoo akiwa mapajani mwake. Kondoo alikuwa wa Ketill.

"Alikuwa wako, kaka. Nilikosea mimi kukata alama. Sasa leta bomba."

Bomba lilifika kabla ya theluji. Ketill akamuuliza mkewe Úlfar amedai nini.

"Hajadai kitu."

Ketill akaingia kwenye beseni la kuogea, akazama hadi kidevuni, akakaa humo mpaka vidole vikakunjamana. Hallbera alisimama mlangoni na taulo, akisubiri neno.

"Maji haya yananuka mayai viza," Ketill akasema. "Ya mlima wangu yasingenuka."

Hallbera akaitupa taulo majini, akafunga mlango.